Matandazo na ndago

Dada, umeuliza kama matandazo, yaani nyasi kavu, maranda na vitu kama hivyo vya kufunika udongo, yanaua gugu la ndago. Hapana, hayaui, hata ukimwaga maranda gunia zima. Kazi yake ni kuziba mwanga, kwa hiyo yanakomesha magugu yanayoota kwa mbegu, mchicha pori na wenzake. Ndago inaanzia chini: ina viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kama shanga kwenye uzi, na ncha ya chipukizi lake ni kali, inatoboa hata nailoni nyeusi. Natunza bustani za watu Kigamboni, nimeiona ikichomoza katikati ya nailoni mpya kabisa. Ukiipiga jembe juu juu unakata uzi tu, kila kiazi kilichobaki kinatoa mche wake.

Chimba na jembe la uma mchanga ukiwa na unyevu, fuata mzizi mpaka ukipate kiazi, na usivitupe kwenye mboji, vitaota tena. Rudia kila ukiona majani mapya. Hapo ndipo utandaze, unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi kuzunguka shina ili lisioze. Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa yanadumu kuliko nyasi kavu (na nyasi zenye mbegu usiziguse, unajiletea magugu mwenyewe). Maranda ya mafundi seremala yanafaa pia, ila usiyasogeze karibu na ukuta wa nyumba. Mchwa wa Dar hawahitaji mwaliko.