Barua kwa mwanangu: namba isiyo tasa ambayo vigawo vyake havijulikani

Mwanangu mpenzi,

Swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema umekutana na namba yenye tarakimu 315,653, yaani 2 kwa kipeo cha 1,048,576, ukijumlisha 1. Wanahisabati wana hakika tangu miaka ya 1980 kwamba si namba tasa, ila hakuna aliyeonyesha hata kigawo chake kimoja. Ukaniuliza: "Mama, wamejuaje inagawanyika kama hawajui inagawanywa na nini?"

Tuanze na ndogo. Chukua 91, ambayo kwa macho unaweza kuapa kuwa ni tasa. Usitafute kinachoigawanya. Mwaka 1640 Pierre de Fermat alieleza tabia ya namba tasa: ukichukua tasa yoyote inayozidi 2, ukaipa 2 kipeo kilicho pungufu kwa moja kuliko tasa hiyo, kisha jawabu ukaligawanya kwa tasa yenyewe, baki ni 1 daima. Kwa 7 kipeo ni 6. Jawabu ni 64, na 64 kwa 7 inabakisha 1.

Kwa 91 kipeo ni 90. Usiogope. 2 kwa kipeo cha 12 ni 4,096, na 91 mara 45 ni 4,095, kwa hiyo baki ni 1. Sasa 84 ni 12 mara 7, basi kipeo cha 84 nacho kinabakisha 1, maana 1 hata uizidishe kwa yenyewe mara ngapi haibadiliki. Kutoka 84 kufika 90 zimebaki 6, na 2 kwa kipeo cha 6 ni 64. Baki ni 64, si 1. 91 si tasa, mwanangu, na 7 na 13 hatujazigusa kabisa! Mimi hapo ndipo hisabati iliponiteka, na haijaniachia.

Ila kuwa mwangalifu. Namba ikishindwa mtihani huu, kesi imekwisha; ikifaulu, bado hujui. 341 inafaulu kwa 2 na kumbe ni 11 mara 31. Weka 3 badala ya 2, inabakisha 56 na siri inafichuka.

Namba yako kubwa ilipimwa kwa mtihani wa ukoo huohuo, kwa kompyuta. Hesabu ya baki huenda haraka kwa sababu kila hatua unatupa kilichozidi, namba haipati nafasi ya kuvimba. Kutafuta vigawo hakuna mkato wa namna hiyo.

Iangalie 2 kwa kipeo cha 67, ukitoa 1. Marin Mersenne aliiorodhesha kuwa tasa mwaka 1644. Mwaka 1876 Édouard Lucas akathibitisha si tasa, bila kigawo mkononi. Vigawo vilisubiri hadi 1903, Frank Nelson Cole alipovileta mbele ya wanahisabati wenzake huko Marekani. Inasimuliwa kwamba alizidisha ubaoni bila kusema neno, na kwamba kazi hiyo ilikula Jumapili zake za miaka mitatu. Naye hakupapasa gizani: kila kigawo cha namba hiyo lazima kibakishe 1 ukikigawanya kwa 134, yaani 67 mara mbili, kwa hiyo namba nyingi mno alizivuka bila kuzijaribu.

Hivi hapa vigawo vyake: 193,707,721 na 761,838,257,287. Chukua karatasi pana, uvizidishe kwa mkono, weka kompyuta kando. Ukipata 147,573,952,589,676,412,927, niandikie siku hiyohiyo.

Mama yako