Kabla hujanunua kioo kikubwa cha ESP32, shika kwanza kalkuleta

Wadau, hii nimejifunza kwa hela yangu mwenyewe. Nilijitengenezea saa ya spidi ya pikipiki kwa ESP32 (chipu ambayo ni kompyuta ndogo) na kioo kidogo, yaani skrini, cha ILI9341 (hilo ni jina la chipu inayoendesha kioo), pikseli 320 kwa 240, mshale unateleza vizuri tu, basi nikanogewa nikasema ngoja niweke kikubwa, 480 kwa 320, nikachukua chenye ILI9488 maana ndo kilikuwa cha bei poa. Kukiwasha, mshale unaruka kama panzi! Nikailaumu ESP32 wiki nzima, nikabadili waya, nikabadili mpaka bodi, wapi.

Kumbe ni hesabu ya kuzidisha tu. Picha yote inapita kwenye waya mmoja wa SPI (njia ya ESP32 kutuma data kwenye kioo), biti moja moja, na mimi niliiendesha kwa megahezi 40, yaani biti milioni 40 kwa sekunde. Kile kidogo kina pikseli 76,800, kila moja biti 16, ukizidisha halafu ukagawa milioni 40 kwa jibu hilo unapata kama fremu 32, yaani picha nzima 32, kwa sekunde, safi. Kikubwa kina pikseli 153,600, mara mbili, kwahiyo nilitegemea 16 hivi. Sasa hapa ndo nilipopigwa: ILI9488 ukiitumia kwa SPI haikubali rangi za biti 16, lazima utume baiti 3 (biti 24) kwa kila pikseli, unabaki na fremu kama 10 tu, na hapo hujahesabu muda wa ESP32 kuchora. Cha ST7796 cha saizi ileile kinakubali biti 16. Muuzaji hakuambii hiyo, kwake vyote ni "inchi 3.5".

Na usiseme utachora fremu nzima kwanza kwenye RAM (kumbukumbu ya ESP32), kwa biti 16 tu hiyo ni karibu KB 300, ESP32 ina KB 520 ila haziko sehemu moja mfululizo, na programu yako nayo inazitaka.

Kilichoniokoa ni kuacha kuchora kioo kizima. Chora palipobadilika tu, kiboksi cha pikseli 100 kwa 100 kinamaliza milisekunde 6, mshale ukarudi kuteleza. Ukitaka video kioo kizima hapo SPI sahau, tafuta kioo cha waya 8 sambamba.

Changu bado kipo kwenye pikipiki, ila nikibadili ukurasa unakiona kabisa kinajipaka rangi toka juu kwenda chini, kama fundi na brashi. Nimeshazoea.