Panya wa maabara anavutaje sigara? Maswali yenu kuhusu moshi na vidonda

Nilivunjika muundi pale Mlima Nyoka, huu mwezi wa pili niko na hogo. Daktari anasema niache sigara ili mfupa uunge. Sigara navuta kwa mdomo, mguu unahusikaje? (Bodaboda, Uyole)

Pole sana, ndugu yangu. Mguu unahusika kupitia damu. Nikotini inabana mishipa midogo inayolisha pale palipovunjika. Kisha moshi una kaboni monoksaidi, ambayo hung'ang'ania himoglobini, kibeba oksijeni ndani ya damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Fikiria kosta imejaa watu wasioshuka: oksijeni inaachwa kituoni. Sungura waliovunjwa mfupa na kupewa nikotini, mfupa wao uliunga taratibu na ukawa dhaifu kuliko wa wenzao wasiopewa. Msikilize daktari wako.

Moshi na vidonda mnavijaribu kwa panya. Panya na mtu wapi na wapi? (Mwalimu, Iringa)

Kamwene, mwalimu. Swali lako ndilo zito kuliko yote. Huwezi kuwachana watu arobaini majeraha yanayolingana, kisha nusu yao uwaamuru wavute. Kwa panya inawezekana: umri mmoja, chakula kimoja, kidonda cha ukubwa mmoja. Tofauti ikitokea, unajua imetoka wapi.

Ila kuna mtego. Aliyewahi kuchuna sungura anajua ngozi yake inavuka kama shati. Ya panya ni hivyohivyo, imelegea, na chini yake kuna utando wa msuli unaovuta kingo za kidonda hadi zikutane, kama mdomo wa mfuko wa kamba. Kidonda chetu kwa sehemu kubwa hujaa nyama mpya, ndipo ngozi itambae juu yake. Kwa hiyo watafiti hushona pete ya silikoni kuzunguka kidonda cha panya kisijivute. Wengine hutumia sikio la sungura, kwa kuwa ngozi ya pale imegandana na gegedu. Anayetukaribia zaidi ni nguruwe. Wachoma kitimoto hawatashangaa: yule hachunwi ngozi kama sungura, anamwagiwa maji ya moto na kukwanguliwa, maana ngozi imeshikana na mafuta.

Sasa huyo panya anashikaje sigara? (Mwanafunzi, Mbeya mjini)

Hashiki! Mashine ndiyo inayovuta, kisha inapuliza moshi ndani ya kisanduku alimo, au kwenye bomba ambalo ameingiza pua tu. Panya hupumua kwa pua, si kwa mdomo, na pua inachuja. Akiwa ndani ya kisanduku, moshi unatua pia kwenye manyoya na yeye anajilamba. Ndiyo maana nikisoma kwamba panya "alivuta pakiti moja kwa siku" nakunja uso. Kinachoaminika ni kupima damu yake kotinini, mabaki ya nikotini mwilini. Panya anakuonyesha madhara yanaelekea wapi. Kiasi chake kwa mtu kitafute kwa watu.

Nalima tumbaku. Nimesikia nikotini inaponya vidonda. (Mkulima, Chunya)

Umesikia nusu, mzee wangu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Marekani waliona nikotini kidogo ikiharakisha mishipa mipya, na kidonda kufunga, kwa panya wenye kisukari. Hiyo ni nikotini safi, kwa kipimo. Moshi una maelfu ya kemikali, sianidi ikiwemo. Na usiponde jani ukabandika! Unakijua kichefuchefu cha kuchuma tumbaku yenye umande: ni nikotini imepenya ngozi nzima, sembuse kidonda.

Si ukatili huo? (Mama, Njombe)

Mama, ni maumivu, tusidanganyane. Kanuni tatu zilizoandikwa Uingereza mwaka 1959 na wanasayansi Russell na Burch bado ndizo dira: tumia njia mbadala ikiwepo, punguza idadi ya wanyama, punguza mateso. Mimi naongeza: kama wagonjwa wa upasuaji wameshatupa jibu, mwacheni panya.

Nafanyiwa upasuaji wa henia. Niache sigara lini? (Tukuyu)

Wiki 4 au zaidi kabla, ndivyo lisemavyo Shirika la Afya Duniani. Zimebaki siku chache? Acha hivyohivyo, kaboni monoksaidi hupungua sana ndani ya siku moja. Na mtu wa usingizi akikuuliza, usimfiche hata ule msokoto wa jioni.