Mwanangu, sura yako haina "Yah:"

Ipuli, Tabora

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku tu wazima, baba yako anakusalimu.

Umesema msimamizi wako huko Uingereza amekurudishia sura ya kwanza ya tasnifu yako, akiandika pembeni kwamba amefika ukurasa wa sita bila kuiona hoja yako. Ukaniuliza, "Mama, ina maana sisi tunafikiri kwa kuzunguka?" Hapana, mwanangu. Swali hilo limeniuma, maana niliwahi kulibeba mwenyewe nilipokuwa chuo kikuu pale Mlimani nikisomea ualimu wa Kiingereza.

Ndiko nilikoiona michoro ya Robert Kaplan, mtaalamu wa lugha Mmarekani. Mwaka 1966, baada ya kusoma insha za Kiingereza za wanafunzi wa kigeni, alichora mwendo wa fikra za watu: Kiingereza mstari ulionyooka, watu wa Asia ya Mashariki mzunguko unaojiviringa kwenda ndani. Nikatafuta mchoro wetu Waafrika, haukuwepo. Ilinichukua muda kuona kasoro yake: aliwapima watu kwa insha za lugha ambayo bado walikuwa wakijifunza. Mtu anayepapasa maneno utajuaje anavyofikiri? Baadaye Kaplan mwenyewe alilegeza msimamo. Aliyenifaa zaidi ni mtaalamu mwingine wa lugha, John Hinds, aliyeuliza mwaka 1987 nani hasa anabeba mzigo wa kueleweka. Kwa Kiingereza, alisema, ni mwandishi. Kwa Kijapani msomaji naye hutarajiwa kujiunganishia.

Sasa mkumbuke mjomba wako alipokwenda kuposa kwa niaba ya kaka yako. Alianza na mvua, akaja kwenye mifugo, akauliza hali ya barabara, na hakuna aliyemharakisha. Angeanza na mahari wangemwona hana adabu. Lakini mjomba huyo huyo akiomba ruhusa kazini huandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, "YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA SIKU TATU", ndipo aendelee na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Akili ni ile ile. Anajua tu anazungumza na nani.

Basi ipe sura yako Yah. yake. Hoja yako nimeikuta ukurasa wa saba: kwamba wafuga nyuki wa Sikonge wanaoshikilia mizinga ya magome wanapiga hesabu zao vizuri, wala si ukaidi. Ni hoja nzuri sana, nami nimesikitika kuiona imefunikwa na historia ya asali. Ipandishe iwe aya ya kwanza. Historia ibaki, ila kila kipande kioneshe kinaisaidiaje.

Na yule mzee uliyemhoji, usimfiche nyuma ya "wazee wanasema". Kibarazani kwetu hilo linatosha, kwa sababu kila mtu anawajua hao wazee. Mtahini hawajui. Andika kuwa ni mahojiano, wapi na lini. Hapo niko upande wa msimamizi wako kabisa, maana ukinukuu kitabu cha profesa unamtaja, na mzee amekupa maarifa ambayo hukuyapata kitabuni.

Usiandike sura nzima upya kwa sasa. Nitumie hiyo aya ya kwanza peke yake, hata leo usiku. Nikishaswali isha nitakaa niisome.

Mama yako