Kabla Hujawa Mama Jela

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza, nina muuza samaki wangu wa siku zote. Akiniona tu kwa mbali anapaza sauti: "Mama Jela! Njoo, sato wa leo usipime!" Watu wanageuka. Wengine wananitazama mikono kama wanatafuta alama za pingu. Mwanangu haitwi Jela, jamani. Anaitwa Jaelynne.

Jina hilo nililiokota kwenye simu, mimba ina miezi minane, miguu imevimba, usingizi haupatikani. Nililipenda lilivyokaa machoni: hiyo y, hizo n mbili, na hiyo e ya mwisho isiyo na kazi yoyote. Nikajiona nimempatia mtoto kitu ambacho mtaa mzima hawana. Nilichosahau ni kwamba huku kwetu ukimpa jina mtoto wa kwanza, umejipa na wewe. Tangu nilipojifungua, Machi 2017, jina langu mwenyewe limebaki benki na kwa mama aliyenizaa. Dukani, sokoni, kwa majirani, hata kwa mawifi, mimi ni Mama Fulani, na huyo Fulani lazima apite mdomoni mwa mtu mwenye haraka na beseni kichwani. Jeilini ikawa Jelini, Jelini ikawa Jeli, muuza samaki akamalizia.

Mama mkwe hakuhangaika hata siku moja. Alimpakata mjukuu, akauliza, "Mmemwita nani?" Tukamwambia. Akaomba turudie, tukarudia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema siku aliyozaliwa mvua ilinyesha kutwa, kwa hiyo huyu ni Kabula. Mvua kwa Kisukuma ni mbula. Angekuwa wa kiume angeitwa Mabula. Basi, mtoto alianza kuitikia Kabula miezi kadhaa kabla hajajua kwamba Jaelynne ni yeye.

Mdomo lakini una huruma. Karatasi haina. Siku hizi mtoto wa chini ya miaka 5 anapata cheti cha kuzaliwa bure kituo cha afya au ofisi ya kata, hapohapo, kinajazwa kwa mkono. Ni jambo jema, wazazi wetu walikuwa wanakifuata wilayani. Ila kinapojazwa kwa mkono maana yake kuna mtu na kalamu yake, na nyuma yako foleni ya akina mama wenye watoto wanaolia. Kadi ya kliniki iliandikwa Jaylin. Cheti kikatoka Jaelyne, n moja imeliwa. Shule ya awali wakaandika Jaeline, kwa sababu baba yake ndiye aliyekwenda kumwandikisha, na yeye mwenyewe hakuwa na uhakika. Kuzipatanisha hizo karatasi kulinigharimu kiapo kwa wakili, nauli, na siku tatu za kufunga genge langu. Sikuwa na wa kumlaumu. Yule wa dirishani aliniambia kwa upole, "Mama, nitajie herufi moja moja." Nikataja. Nikakosea mimi.

Sisemi sote turudi kwenye majina ya mababu. Nayo yana shughuli yake. Wifi yangu mmoja ana jina linaloanza na Ng'w, na tangu ahamie Dar es Salaam kila ofisi inamwandika inavyotaka. Kompyuta nyingine zinakikataa kabisa kile kialama cha juu, basi linatoka jina la mtu mwingine. Na majina ya kuja si ya jana. Yohana alikuja, Khadija alikuja, Scholastica alikuja. Tofauti ni kwamba wazee walikuwa wanaliosha jina kwanza kabla ya kulivaa. Scholastica akawa Skolastika, silabi zote zikafunguka, ukimwita kutoka ng'ambo ya shamba anasikia. Sisi tunalichukua na vumbi lake, na x na q ambazo alfabeti yetu haina, halafu tunamkasirikia mwalimu akilisoma vibaya.

Jina kuwa la wengi wala halinisumbui. Darasani kwa binti yangu kuna Jayden watatu, kila mmoja na tahajia yake, na watoto wenzao wameshamaliza tatizo: kuna Jayden Mrefu, Jayden wa Igoma na Jayden Miwani. Akina Juma wameishi hivyo miaka yote na hakuna aliyepotea. Tena tusidhani ni ushamba wetu peke yetu. Mwaka 2020 Elon Musk na mwenzake walitangaza kwamba mtoto wao anaitwa X Æ A-12; sheria za California hazikubali tarakimu kwenye jina, ikabidi 12 igeuzwe Xii. Bilionea naye alikwama dirishani.

Wa pili alipozaliwa, 2021, baba yake akaja na Kylian, kwa sababu ya Mbappé. Sikugomba. Nilimwambia sawa, ila tunaandika tunavyotamka: Kiliani. Alinuna siku mbili. Kisha nikampa karatasi bibi mmoja jirani asiyejua mpira ni nini, akasoma mara moja bila kukwama, na pale kliniki nesi akaandika bila kuniuliza herufi hata moja. Muuza samaki kalipenda pia, ingawa Mama Jela hajaiacha.

Wiki iliyopita mdogo wangu kanipigia, anatarajia Agosti. "Dada, nimepata jina kali, Xzavielle." Nikamwambia asinieleze maana yake. Atoke barazani sasa hivi, amwite kama mtoto kaenda kucheza mbali na magharibi imeingia. Alicheka, lakini nikasikia mlango. Akaita mara ya kwanza. Akaita ya pili, kwa nguvu zaidi. Kisha ikaja sauti ya jirani yake, ya huruma kabisa:

"Pole mama. Hayo mafua yamekuanza lini?"