Kichefuchefu Kilipokoma Nikadhani Kazi Imekwisha

Katika wiki ya 14 ya mimba yangu ya kwanza niliamka asubuhi moja nikagundua kwamba harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa jirani hainikeri tena. Nilikula ugali na dagaa nikashiba, usingizi wa mchana ukapungua, na nikajiona mzima kiasi kwamba nililiruka hudhurio la kliniki la mwezi wa nne, nikijiambia kuwa foleni ile ni ya wanaoumwa. Hilo ndilo kosa nililotaka kuwasimulia, kwa sababu unafuu wa kipindi hiki unadanganya.

Nilipokwenda hatimaye, katika wiki ya 18, nilipimwa wingi wa damu nikakutwa na gramu 9.4 kwa desilita, ilhali mjamzito aliye chini ya 11 huhesabiwa kuwa na upungufu. Muuguzi alinieleza kwamba katika miezi hii maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe zake nyekundu, hivyo damu huwa nyepesi hata kwa mwanamke anayekula vizuri, na ndiyo maana vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi hutolewa kila siku. Nami nilikuwa nikivimeza kila siku bila kukosa, ila kwa chai ya rangi, na chai huzuia mwili kufyonza madini hayo. Tangu siku hiyo nilivimeza kwa maji, nikala chungwa au embe pamoja navyo, na chai nikaisogeza mbele kwa zaidi ya saa moja. Vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi na kigumu. Usishtuke, ongeza maji, mboga za majani na papai.

Jambo la pili nililokuwa nimelichelewesha ni dawa ya SP (sulfadoksini-pirimethamini) ya kukinga malaria. Kwa sisi tunaoishi penye mbu, dozi ya kwanza hutolewa kuanzia wiki ya 13, vidonge vitatu kwa mara moja, kisha hurudiwa kwa kupishana mwezi mmoja au zaidi hadi kujifungua. Mwenye mzio wa dawa za salfa au anayetumia kotrimoksazoli (Septrin) aseme mapema, kwani hapaswi kuimeza. Chandarua chenye dawa kinabaki palepale.

Mengine yalinitisha bure. Nilipoinuka ghafla kitandani nilichomwa pembeni mwa kinena, na kumbe ni kano zinazoshikilia mfuko wa uzazi zinavutika; fizi zilitoa damu kidogo nilipopiga mswaki, na mstari mweusi ulijichora chini ya kitovu. Lakini damu au maji yakitoka ukeni, ukipata homa, mkojo ukichoma, au kichwa kikiuma sana, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Hamu ya kula udongo pia itaje kliniki bila aibu. Mimi niliificha, kwa kuwa wifi yangu alisema kila mjamzito hula, na kumbe mara nyingi hamu hiyo huandamana na upungufu wa damu.

Kuhusu mtoto kucheza, nilijitesa sana. Shoga yangu, aliyekuwa na mimba ya tatu, alimhisi wake katika wiki ya 16, nami nilikuwa nikilala na mkono tumboni bila kupata kitu. Kwa mimba ya kwanza wengi huhisi kati ya wiki ya 18 na 20, na kondo la nyuma likiwa limejishikiza upande wa mbele, kama lilivyokuwa langu, huweza kuchelewa zaidi. Ukifika wiki ya 24 bila kuhisi chochote, nenda ukapimwe. Wangu alianza katika wiki ya 21, usiku, nikiwa nimelala ubavu: mtikisiko mdogo tu, kama jicho linavyocheza, nikanyamaza kungoja wa pili, na haukuja hadi kesho yake.