Maswali Yenu: Pembe na majambia ya Mont Bégo

SWALI: Nina picha za miamba ya Mont Bégo, kusini mwa Ufaransa, yenye alama za pembe za ng'ombe na visu. Nitatofautishaje michongo ya watu na mikwaruzo ya asili? Na umri wake hujulikanaje?

JIBU: Mabonde yale yalisuguliwa na mito ya barafu, iliyoburuta mawe na kuacha mistari mirefu, iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja. Mchongo wa kale hauna mstari wa namna hiyo. Ni vishimo vidogo vilivyogongwagongwa kwa ncha ngumu, kimoja kando ya kingine, mpaka umbo likajaa. Kila kimoja kina upana wa milimita chache tu. Ukiona mistari myembamba iliyokwaruzwa, hasa yenye herufi au miaka, mingi ni ya wachungaji na wapita njia wa baadaye.

Kuhusu umri, jambia ndilo shahidi bora. Limechongwa kwa umbo halisi kiasi kwamba ubapa wake wa pembetatu hulinganishwa na majambia ya umri unaojulikana yaliyofukuliwa makaburini Remedello, kaskazini mwa Italia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya michongo huwekwa takribani kati ya 3300 na 1800 KK. Pembe peke yake haisaidii. Vishimo vya jambia vikikata vile vya pembe, pembe ilitangulia, lakini huwezi kusema kama ni kwa saa moja au kwa miaka elfu. Wengi huteleza hapo.

SWALI: Picha nilizopiga adhuhuri hazionyeshi kitu!

JIBU: Jua la utosini halitupi kivuli ndani ya vishimo. Piga asubuhi au jioni, au ukinge mwamba kwa mwavuli na kuumulika kwa taa iliyolala karibu sawa na uso wa jiwe, nyuzi 10 hadi 15. Zungusha taa pande nne, maana mfereji unaofuata mwelekeo wa mwanga hupotea. Kwa modeli ya pande tatu (3D) inayoundwa kwa kuunganisha picha nyingi, kila picha ifunike theluthi mbili za iliyotangulia, na uweke rula pembeni.

Usipake chaki. Mbali na kuchafua jiwe, chaki hufuata kile ulichokwisha kuamini, na atakayekuja baadaye ataiona chaki yako badala ya mchongo. Fimbo zenye ncha ya chuma haziruhusiwi kule, na nje ya njia rasmi utahitaji kiongozi.

SWALI: Je, yule “Mchawi” aliyechongwa kule alikuwa mchawi kweli?

JIBU: Jina ni la utani wa kisasa. Kilichopo ni uso unaoonekana kuwa na ndevu, mikono iliyoinuliwa na majambia mawili. Mwanaakiolojia Mfaransa Henry de Lumley aliona katika pembe na majambia ibada ya mungu-fahali wa radi na mungu wa kike wa ardhi. Clarence Bicknell, Mwingereza aliyenakili maelfu ya michongo kabla ya kufariki 1918, aliona zaidi kazi za wakulima na wafugaji. Kwa maoni yetu, Bicknell ana ushahidi ulio wazi zaidi: ziko alama za ng'ombe wenye pembe, wawili wawili, waliounganishwa na plau, mtu akiwa nyuma, zote zikitazamwa kutoka juu. Radi, kwa upande wake, haikuchongwa, imekisiwa.

Na kama umepiga picha mchongo uitwao “Mkuu wa Kabila” huko mlimani, usipime vishimo vyake. Ile ni nakala. Jiwe lenyewe limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji wa Tende, karibu na mlima.